Kusi limeshika: tupange maji na friza kabla ya taa

#1 Mkomani_Juu (mwanzisha uzi)

Assalamu alaikum jamaa wa Lamu, na majirani wa Malindi mkipita humu.

Kila kusi likishika swali huwa lile lile: "Ninunue taa gani ya sola?" Taa ni jambo dogo. Taa ya wati 3 na betri yake inawaka usiku kucha na haimfilisi mtu. Stima ikipotea saa 20, kinachouma Lamu ni vitu vitatu: maji ambayo yangepandishwa na pampu, samaki walio ndani ya friza, na ile dakika stima inaporudi. Tuanze na hivyo.

Kwanza, kwa nini kusi? Sisi tuko mwisho wa uzi. Laini kubwa ya kilovolti 220 inatoka Rabai, inapita Malindi na Garsen, ndiyo inatufikia. Ikiharibika njiani, aliye mwisho hana njia ya pembeni. Halafu kuna chumvi. Upepo wa kusi hubeba rasharasha za bahari hadi kwenye vikombe vya nguzo (vile vinavyotenga waya na nguzo) na chumvi inaganda pale. Mvua kubwa haina neno, inaiosha. Kinachoharibu ni manyunyu ya alfajiri: yanailowesha chumvi bila kuiosha, umeme unatambaa juu ya kikombe kutoka waya hadi nguzo, laini inajizima. Ndiyo maana stima hupotea asubuhi isiyo na dhoruba yoyote na watu wakabaki kushangaa. Makuti yanayoangukia nyaya msishangae, hayo mnayajua.

Maji. Mji unakunywa visima vya vilima vya mchanga vya Shela, na maji hayo hayapandi bila pampu. Stima ikienda, mfereji unafuata baada ya muda. Hesabu ya chini ni lita 20 kwa mtu kwa siku: kunywa, kupika, udhu, choo cha ndoo. Watu 6 kwa siku 3 ni lita 360. Mapipa mawili ya lita 200 yanatosha, na tangi la lita 500 linabakiza. Jaza kabla ya upepo kushika, si baada ya taa kuzimika.

Ya kunywa yatenge kwenye madumu ya lita 20 yenye mdomo mwembamba, mikono isiingie. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji maangavu. Ngoja nusu saa ndipo unywe. Maji ya tope yachuje kwanza kwa kitambaa kizito, kwa sababu tope hula klorini kabla haijafika kwa vijidudu.

Mvua ya mwisho wa masika msiiache ipotee. Milimita 1 juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Paa la bati la mita mraba 60 likipata milimita 10 linatoa lita 600, toa humo za kuosha paa na za kumwagika, bado 450 na zaidi. Maji ya makuti yawe ya choo na kufulia, yana rangi na takataka.

#2 BintiLangoni

Shukran kaka. Tangi la lita 1,000 naweza kulipandisha juu ya dari ya nyumba ya zamani? Nataka maji yashuke yenyewe stima ikiwa haipo.

#3 ChokaaNaBoriti

Dada, simama hapo kwanza. Lita 1,000 ni tani nzima, bado tangi lenyewe. Dari ya kale ni boriti za mkoko, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba vyetu ni vyembamba, chini ya mita 3, kwa sababu ndio urefu ambao boriti inaumudu. Tani moja ikikaa katikati ya chumba, boriti zinapinda polepole. Utaona ufa wa chokaa kwanza chini, kwenye dari ya chumba, na vumbi jeupe kitandani. Ukiliona hilo, punguza maji siku hiyo hiyo.

Fanya hivi. Chagua matangi mawili ya lita 250 badala ya moja kubwa. Yaweke pembeni, juu ya ukuta mnene unaobeba, si ule wa kugawa vyumba. Chini yake laza mbao ngumu za inchi 2 kwa 6 zikikingama na boriti, yaani zipite juu ya boriti tano au sita, mzigo ugawanyike. Mbao zikilala sambamba na boriti hujafanya kitu, mzigo wote uko kwa boriti moja. Na chunguza vichwa vya boriti vinapoingia ukutani. Piga kwa mpini wa kisu: mlio mzito ni mzima, mlio wa kibuyu umeliwa na mchwa.

Nje ya hapo, pipa la chini kwenye kiwanda (ua wa ndani ya nyumba) na kata ya kuchotea ni salama kuliko tangi la juu lililowekwa vibaya. Mji wa Kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kutoboa ukuta wa nje au kuinua fremu inayoonekana toka mtaani, uliza ofisi ya uhifadhi.

#4 HesabuYaBetri

Naingia kwenye betri, maana hapa ndipo pesa hupotea.

Usianze na "betri gani", anza na mzigo. Nyumba ya kawaida bila friji:

taa 5 za LED za wati 7, saa 5: wati-saa 175
feni ya wati 45, saa 8: 360
rauta ya intaneti wati 10, saa 12: 120
simu 4: 80

Jumla 735. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa stima) yenyewe hula sehemu, gawanya kwa 0.85, inakuwa kama 865 kwa siku.

Betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100 imeandikwa wati-saa 1,200, lakini ukitaka iishi usivuke nusu. Una 600. Haitoshi, unahitaji mbili. Lithiamu ya LiFePO4 ya Ah 100 ni volti 12.8, kwa hiyo 1,280, na unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi: 1,024. Moja inatosha. Ndiyo maana "rahisi" ya asidi ni ya siku ya kununua tu.

Paneli: siku ya mawingu ya kusi hesabu saa 3.5 za jua kamili, kisha zidisha 0.7 kwa joto, vumbi na nyaya. 865 gawanya kwa 2.45 ni wati 353. Basi paneli mbili za 200. Muuzaji akikwambia paneli ya 100 inatosha, anahesabu jua la Januari.

Sasa makosa yanayorudi kila mwaka:

Waya mwembamba. Inveta ya wati 1,000 kwa volti 12 inavuta karibu ampea 98. Ukitumia waya wa milimita mraba 10, mita 2 kwenda na 2 kurudi, unapoteza volti 0.7 njiani, waya unapata moto, na inveta inapiga kelele "betri imeisha" ilhali betri imejaa. Mtu anarudisha betri dukani bure. Tumia milimita mraba 25 au 35, usizidi mita 1. Fyuzi ya ampea 125 iwe karibu na kichwa chanya cha betri, shubiri moja hivi. Fyuzi iliyo mwisho wa waya inalinda inveta, hailindi nyumba.

Chaja isiyo yake. Kontrola (kifaa kinachosimamia chaji toka paneli hadi betri) ya zamani iliyopangwa kwa asidi huwa na hatua ya "kusawazisha" inayopanda volti 15 na zaidi. Lithiamu haitaki hiyo, ulinzi wake wa ndani unakata na unaona mfumo wote umekufa saa 6 mchana jua likiwaka. Panga volti 14.2 hadi 14.4, ya kushikilia 13.5, kusawazisha zima kabisa.

Kupima kwa volti. Asidi iliyopumzika: 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu. Lithiamu haisomeki hivyo, volti yake imelala kama maji ya bandarini, inashuka ghafla mwishoni. Nunua kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Kutu. Pwani hii vichwa vya betri huota unga mweupe au wa kijani. Osha kwa maji yenye magadi, kausha, kaza, paka grisi au vaselini juu. Juu, baada ya kukaza. Ukipaka katikati ya chuma na chuma umeweka kizuizi mwenyewe.

Friji ukitaka iingie, ongeza kama wati-saa 1,000 kwa siku, yaani lithiamu ya Ah 200, paneli zaidi ya mara mbili, na inveta ya wimbi safi, si ile ya wimbi la ngazi. Kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya wati zake, kwa hiyo friji ya wati 120 inaweza kuangusha inveta ya 500. Pampu ya nguvu ya nusu farasi ni mbaya zaidi. Usiitegemee kwa inveta ndogo, jaza mapipa stima ikiwapo.

#5 MalindiShela

Hapo Langobaya kuna shamba la sola la megawati 40 tangu 2021. Sasa mbona gridi ikianguka na Malindi tunaingia gizani mchana kweupe, na paneli zinatazama jua? Ile ya tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilizima, na sisi humo humo.

#6 HesabuYaBetri

Swali zuri, na jibu lake linagusa nyumba pia. Inveta za mashamba kama yale hufuata gridi: husoma mawimbi ya stima iliyopo ndipo zinasukuma za kwao. Gridi ikifa hazina wa kumfuata, na zimeamriwa zijizime ili fundi aliye juu ya nguzo asipigwe na umeme wa upande wa pili.

Kwa hiyo ukiuziwa nyumbani mfumo wa "kupunguza bili" usio na betri, stima ikipotea nao umepotea, hata jua liwe la utosi. Muulize fundi neno moja kabla ya kulipa: "Breka kuu ikizimwa, taa zitawaka?" Mwambie aizime mbele yako.

#7 MamaWaTekani

Nyie wanaume mmeingia kwenye nyaya mkaacha friza.

Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhesabiwa saa 48, ya nusu saa 24, friji ya kawaida saa 4. Hizo ni hesabu za kwenye karatasi, kwa joto letu na mpira wa mlango uliochoka punguza. Jaribu mpira kwa noti: ifungie mlangoni, ukiivuta ikatoka bila kung'ang'ania, badilisha mpira kabla ya kununua betri yoyote.

Nafasi tupu ndani ya friza jaza chupa za maji. Acha vidole viwili juu, barafu inavimba. Kilo 10 za barafu zikiyeyuka hunyonya joto la karibu kilowati-saa 0.93. Hiyo ni betri ya baridi, na imekugharimu chupa tupu. Zigandishe mbili mbili kwa usiku, ukitia kumi za maji moto wa mchana pamoja unawayeyusha samaki uliotaka kuwalinda.

Weka kikombe cha barafu na sarafu juu yake. Ukirudi safari ukakuta sarafu imezama, ujue kila kitu kiliyeyuka kikaganda tena. Hapo usibahatishe, na hasa nguru, jodari na vibua. Samaki wa jamii hiyo wakipata joto hutengeneza sumu ya kuwasha ambayo moto hauitoi: uso mwekundu, kichwa kugonga, mapigo kwenda mbio. Kupika sana, ndimu na pilipili hazisaidii hapo.

Ukiona giza limepita saa 12 na hakuna habari, usingoje wayeyuke, watie chumvi wangali baridi. Pasua mgongo, toa matumbo na mashavu ya kupumulia, osha damu yote ya uti. Chumvi kilo 1 kwa samaki kilo 3. Panga ngozi chini, nyama juu, ndani ya kikapu au ndoo iliyotobolewa ili maji yatoke. Siku moja kwa wembamba, mbili kwa wanene, kisha juani juu ya uchaga, si chini. Kusi hili lina manyunyu, kwa hiyo jioni waingie ndani, la sivyo ng'onda wako ataota kuvu la kijani. Samaki aliyekwisha kuyeyuka na kunuka usimtie chumvi, utamhifadhi na uozo wake.

#8 Kijana_wa_Wiyoni

Mama, ile mitungi miwili, mmoja ndani ya mwingine na mchanga mbichi katikati? Naona watu wanaisifu sana mitandaoni kwamba ni friji bila stima.

#9 MamaWaTekani

Inafanya kazi kwenye nchi kavu, mwanangu. Ubaridi wake unatokana na maji kukauka mchangani, na hapa hewa imeshiba maji, hayakauki. Lamu utapata ubaridi mdogo: unafaa nyanya, mchicha, maji ya kunywa. Samaki na maziwa hapana.

#10 DawaKwanza

Nadakia hapo, kwa wenye insulini nyumbani. Ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa nyingi hukubali joto la chumba kwa siku 28, ila kikomo cha joto ni 25 au 30 kulingana na aina, someni karatasi yake. Stima ikienda, ihamishieni kwenye thamosi yenye barafu, na katikati ya barafu na chupa ya dawa pawe na kitambaa kikavu. Insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka vizuri, na kwa macho huwezi kuitambua.

#11 Kapteni_Mokowe

Mnajichosha. Jenereta ya kilovolti-ampea 2.5, waya wenye plagi pande zote mbili, unachomeka kwenye soketi ya sebule, nyumba nzima inawaka. Kwisha maneno.

#12 HesabuYaBetri

Kapteni, kwa heshima zote, hilo usilishauri tena. Plagi ile ukiichomoa huku jenereta inanguruma, meno yake yana volti 240 mkononi mwako. Na ukisahau breka kuu, stima yako inatoka kwenye meta, inaingia transfoma kwa nyuma, inapanda hadi kilovolti 11 kwenye waya ambao fundi ameushika akiamini umekufa. Stima ya laini ikirudi ghafla, jenereta nayo inaungua. Swichi ya kubadilishia, ile ya nafasi tatu, laini, sifuri, jenereta, ifungwe na fundi mwenye leseni. Kama huna, tumia waya wa kurefusha toka jenereta moja kwa moja hadi friza, basi.

#13 ChokaaNaBoriti

Na iwekwe wapi? Mita 6 kutoka mlango na dirisha lolote ndilo la kushauriwa. Nionyesheni kichochoro cha Mkomani chenye mita 6. Kiwanda cha ndani ndicho kibaya kuliko vyote, kina kuta pande nne, moshi unashuka na kuingia vyumbani. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, mtu anasinzia na haamki. Mokowe penye uwanja, sawa. Mji wa Kale, hapana kwa maoni yangu. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa nalo ni vivyo hivyo. Na petroli kwenye dumu la maji chini ya paa la makuti, hilo sihitaji kulieleza.

#14 Kapteni_Mokowe

Nimekubali. Naondoa ushauri wangu wa #11, msiufuate.

#15 Mkomani_Juu

Ahsante Kapteni. Sasa ile dakika ya kurudi.

Stima ikienda tu, chomoa friji, friza, televisheni na pampu. Acha taa moja imewashwa iwe mpiga mbiu. Ikiwaka, ngoja dakika 10 hadi 15, kwa sababu mara nyingi inarudi, inakwenda, inarudi. Kompresa iliyozimika inahitaji dakika 3 hadi 5 presha ya gesi isawazike. Ukiiwasha kabla, mota inasukuma ukuta, inaungua. Vile vifaa viitwavyo friji gadi madukani hufanya kungoja huku vyenyewe. Angalia kiwe na muda wa kungoja na kinakata volti ya chini na ya juu, si soketi yenye taa tu.

Angalia mwanga. Zote hafifu: volti iko chini, usiwashe mota yoyote. Baadhi hafifu na nyingine kali kupita kiasi, au zinabadilishana: huo ni waya wa nyutro umeachia, mara nyingi kwa kutu ya chumvi kwenye kiungo cha nguzoni. Hapo soketi zako zinaweza kupata volti zinazokaribia 415. Zima breka kuu papo hapo, mjulishe jirani, piga ripoti. Kuna *977# ya Kenya Power.

Tokeni: kibodi nyingi za meta huongea kupitia waya wa stima wenyewe. Gizani unaweza kununua tokeni, kuiingiza huwezi. Yaandike zile tarakimu 20 kwenye karatasi, simu isije ikazima nazo. Na usiingie usiku wa upepo na yuniti 2.

#16 BintiLangoni

Na paneli juu ya paa, upepo huu si utazing'oa?

#17 ChokaaNaBoriti

Utazing'oa zikifungwa kizembe, na kuna mtego hapa. Juni na Julai jua liko kaskazini yetu, kwa hiyo paneli huinamishwa kuelekea kaskazini. Maana yake ukingo wa juu unatazama kusini, na kusi linaingia chini yake kama tanga. Upepo wa mita 20 kwa sekunde husukuma ubao wa mita mraba 2 unaoukabili kwa nguvu ya karibu kilo 50. Usizidishe mwinamo: nyuzi 10 zinatosha mvua ioshe, na hasara ya jua ni ndogo. Ukingo wa kusini ndio ufungwe sana, au uzibwe kwa ubao upepo usiingie.

Bolti ziwe chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, za M8. Za kawaida zinaliwa na kutu kwa chumvi hii. Ukuta wa matumbawe usiupige bolti za kutanuka, unasagika. Tumia bolti ya kupita upande wa pili yenye bamba, au ile ya gundi. Juu ya makuti usiweke paneli kabisa, isimamishie fremu yake pembeni. Kila wiki mbili futa kwa maji baridi (si ya chumvi) na kitambaa, asubuhi kabla ya jua.

#18 MalindiShela

Rauta: ile betri ndogo ya volti 12 iliyoandikwa 10,400 mAh, itafika asubuhi?

#19 HesabuYaBetri

Hapana. Hiyo 10,400 ni kwa volti 3.7, yaani wati-saa 38. Rauta ya wati 8 itapata kama saa 4. Iwashe saa 12 jioni, izime saa 4 usiku. Kabla ya kuichomeka soma volti chini ya rauta, kuna za 9 na kuna za 12.